Kolamu ya silinda inayozunguka kwa maji ya makonyo: kazi inafanya, ila msidanganywe na lita

Nyie mnaopika mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) huku Pemba mnayajua yale maji ya kondensa (mvuke ukishapozwa), mafuta yakishazama (yugenoli, ndo sehemu kubwa ya mafuta yenyewe, nzito kuliko maji, kama 1.06 hivi) maji tunamwaga na bado yananukia, maana lita moja huweza kubaki na gramu 2 na ushei za yugenoli iliyoyeyuka humo. Wengine wanayarudisha kwenye boila, sawa, rahisi na haina gharama. Sie tukachukua kolamu hii: bomba la kioo, katikati silinda ya stenlesi inazungushwa na mota, maji yanaingia juu, heksani (kiyeyushi cha jamii ya petroli, hakichanganyiki na maji) inaingia chini, kwa kuwa nyepesi inapanda matone matone huku inanyonya yugenoli.

Silinda ikikolea mwendo, maji kwenye ule uwazi mwembamba yanajigawa mizunguko iliyopandana kama bangili mkononi mwa bi harusi, ndo kile mwanafizikia Taylor wa Uingereza alichokieleza 1923, na matone yanajipanga mikanda mikanda, wallahi unaweza kuangalia tu hadi chai ipoe.

Sasa spidi ndo mtihani. Ukiongeza, matone yanakuwa madogo, yanagusana na maji zaidi, yugenoli inatoka vizuri. Lakini tone dogo linapanda polepole, heksani inajazana ndani, ukizidisha kidogo tu maji yanayoshuka yanaliburuta tone chini na hapo kolamu ishafurika. Utaona bomba la chini linatoa maji meupe yananuka heksani. Usihangaike na valvu zote kwa pamoja, punguza spidi kwanza, ikigoma ndo upunguze maji. Muuzaji kaandika lita 20 kwa saa, labda silinda ikiwa imesimama! Kwa spidi ya kutoa mafuta ya maana sie hatufiki hata nusu yake.

Kujua heksani imejazana kiasi gani ndani, funga valvu zote kwa mpigo, zima mota, subiri itengane, kisha pima kwa rula kimo cha heksani iliyokusanyika juu. Tukiiona inakaribia robo ya kolamu tunashusha spidi mapema, hatungoji ifurike.

Umeme huku unapandapanda na mota yetu ilikuja na swichi tu, kwa hiyo spidi inabadilika yenyewe na kolamu inafurika hujagusa kitu. Tukafunga inverta (kifaa cha kushikilia spidi ya mota), ikatulia. Hiyo walitakiwa waje nayo, kwa bei ile! Halafu mota iwe ya kuzuia cheche, heksani inawaka haraka na mvuke wake unatambaa chini, msiiweke chumba kimoja na jiko la boila hata siku moja.

Gasketi za mpira wa kawaida zilizokuja nayo zilivimba hazikufaa kitu, heksani inazila na yugenoli nayo haina huruma na plastiki. Weka za Viton (mpira unaohimili heksani) au Teflon.

Kama unapika mapipa machache kwa msimu usinunue, rudisha maji boila. Ukiwa na maji mengi kila siku, na una pa kuivukiza heksani uitumie tena, nunua, ila bei ikatwe kwa hizo lita za uongo. Na anayeuza gasketi za Viton Unguja jamani aniambie, nimechoka kuagiza Dar.