Filimbi ya Kuitia Bata Niliyoinunua Kariakoo
Filimbi hii ya mbao, yenye ndimi mbili nyembamba za plastiki ndani yake, niliinunua katika duka moja la vifaa vya michezo Kariakoo, nayo imeundwa kwa ustadi: inashikika vizuri na haivujishi hewa pembeni. Ugumu uko kwa mpigaji. Kwa wiki mbili nilipuliza kwa mashavu kama apulizaye jiko la mkaa, nikaambulia mlio wa mbuzi aliyekabwa, hadi nilipoelewa kwamba pumzi husukumwa kutoka tumboni kwa mikupuo mifupi, huku kiganja kikifunika na kufunua mdomo wa filimbi ili kupunguza ukali wa sauti. Ndimi mbili humrahisishia anayeanza kuliko ulimi mmoja, ingawa milio inayopatikana ni michache. Muuzaji, hata hivyo, hakunieleza kwamba sauti hii ni ya jike la bata wa Amerika Kaskazini na Ulaya. Bata wetu wa mwituni wenye uso mweupe hupiga mluzi. Tena, uwindaji nchini unahitaji leseni, hivyo mimi huipigia ufukweni Kigamboni tu, alfajiri, mbali na majirani.