Bweni au kutwa?

Dada yangu wa Mbagala anauliza: binti aende bweni au abaki kutwa hapa hapa Dar?

Bweni lina historia nzito; chukua mfano wa Wamethodisti, Wakristo wa Kiprotestanti. John Wesley, mwanzilishi wao, alifungua shule ya Kingswood mwaka 1748, karibu na Bristol, Uingereza, kwenye eneo la wachimba makaa ya mawe. Watoto waliamshwa saa 10 alfajiri kusoma, kuimba na kusali. Michezo marufuku, likizo hakuna, na mzazi alikubali kutomchukua mtoto hata siku moja mpaka amalize. Hilo la kuwanyima watoto michezo linaniuma. Mwaka 1851 shule ilihamia mji wa Bath, na ipo hadi leo.

Kutwa ya Dar nayo ina alfajiri yake. Binti anatoka gizani, anagombania daladala kituoni Rangi Tatu, Mbagala, konda anamzuia mlangoni kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Jioni anasinzia juu ya daftari, viatu bado viko miguuni. Lakini analala kwao, na mama akiona uso umebadilika, anauliza usiku huo huo.

Mimi ningemwacha kutwa mpaka kidato cha 4. Bweni lije cha 5, akishajua kujisemea.