Chumba cha sinema nyumbani: makochi yananibembeleza, ukuta unanitukana

Mke wangu alinisihi nisiandike chochote hadi hasira ishuke. Nimesubiri majuma kadhaa na hasira haijashuka, na kwa kuwa ninajua wapo watu wanaofikiria kutengeneza chumba cha sinema nyumbani kama nilivyofanya mimi, nimeona afadhali niandike nikiwa bado na uchungu kuliko kungoja nipoe kisha niwasifie watu wasiostahili.

Binti yetu alipoolewa, chumba chake hapa Tabata kilibaki kitupu kwa muda, kikawa stoo ya mabegi na feni mbovu. Projekta na pazia lake jeupe nilikuwa nimeshanunua, kwa hiyo sikuhitaji mtu wa kunieleza habari za vyombo. Nilihitaji mtu wa kukipamba chumba. Nikaenda kwa kampuni moja ya mapambo ya ndani iliyopo hapahapa Dar es Salaam, ambayo jina lake nalimeza kwa heshima tu, nikawaeleza haja zangu mbili. Ya kwanza ilikuwa rangi tulivu ambazo hazitagombana na picha. Ya pili ilikuwa viti vya kumalizia filamu nzima bila mtu kuinuka akijishika kiuno.

Rangi ndiyo iliyoniponza. Dukani kwao taa ni nyeupe, zimejaa dari nzima kama wodini, na chini ya taa hizo kijana wao alinifunulia sampuli ambayo kwa macho yangu na ya mke wangu ilikuwa beji, mfano wa mchanga mkavu wa ufukweni. Tukakubali, tukalipa malipo ya awali. Mafundi wakapaka kwa siku mbili, na mchana ule, mwanga wa dirishani ukiingia, nakiri kuta zilipendeza. Kisha jua likazama, nikawasha taa za njano ambazo wao wenyewe walikuwa wamezifunga pembezoni mwa dari ya jipsamu, na chumba kizima kikageuka waridi. Sitii chumvi. Nasema waridi ya keki ya kipaimara.

Wa kwanza kulisema hadharani alikuwa shemeji yangu, ambaye ni Yanga wa damu. Alikuja na wenzake siku ya mechi ya watani, akasimama mlangoni, akatazama kuta moja baada ya nyingine, kisha akauliza kwa utulivu kabisa ni nani aliyeiloweka jezi ya Simba kwenye jiki. Mabao ya mechi ile siyakumbuki. Nakumbuka kicheko chao, na nakumbuka kwamba hata nyasi za uwanja zilionekana kama zimeugua, kwa sababu rangi waliyopaka ilikuwa ya kung'aa, na ukuta unaong'aa huurudisha mwanga wa projekta kwenye pazia ukiwa umebeba rangi ya ukuta wenyewe.

Siku chache baadaye nilirudi dukani. Sikwenda kwa shari. Nilisalimia, nikasubiri zamu yangu, nikamweleza yule kijana kwamba rangi iliyopo ukutani kwangu si ile niliyoichagua. Hakuinua uso kutoka kwenye simu yake. Akasema, mbele ya wateja wanne niliowahesabu, "Mzee, rangi ni ileile. Tatizo ni macho. Nenda kapime." Mteja mmoja akacheka. Kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu alinituma nikapime macho bila hata kunikaribisha kiti, ndani ya duka linalouza viti. Tangu siku hiyo, kila ninapowasha taa za chumba kile naisikia sauti yake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jambo lenyewe lina maelezo rahisi, ambayo mtu wa kazi hiyo alipaswa kunipa kabla sijatoa shilingi. Beji si rangi moja. Ndani yake hujificha unjano, ukijani au wekundu, na kitakachojitokeza hutegemea taa. Taa nyingi nyeupe zinazouzwa madukani huwa karibu na kelvini 6,500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), na zile za njano huwa kati ya 2,700 na 3,000. Mwanga wa taa za njano una wekundu mwingi na buluu kidogo, kwa hiyo huuamsha wekundu wote uliolala ndani ya rangi. Dawa yake ni kupaka kipande cha ukuta, walau cha ukubwa wa mlango wa kabati, na kukitazama asubuhi, jioni na usiku chini ya taa zilezile zitakazotumika, kabla ya mtu kununua ndoo nzima. Tena kwa chumba cha sinema hata hilo halitoshi: ukuta uliopakana na pazia unatakiwa uwe wa kijivu kilichokolea na kisichong'aa, maana kijivu halisi hakiegemei rangi yoyote na hakiichafui picha. Beji, kama mtu anaipenda mno, angeibakiza ukuta wa nyuma, ambao watazamaji wameupa mgongo. Haya yote nimeyajua baada ya kulipa.

Nitakiri jambo moja. Nilikwenda kupima macho. Nilikwenda kwa hasira, nipate karatasi ya kumpelekea yule kijana. Daktari akaniambia macho yangu ni mazima kwa umri wangu, isipokuwa kwamba lenzi ya jicho hupata unjano kadiri miaka inavyosonga, kwa hiyo huenda nazipokea rangi tofauti kidogo na kijana wa miaka 25. Nilitoka mle ndani nikiwa nimenywea, nikianza hata kufikiri kwamba nimemwonea mtoto wa watu. Nilipofika kituo cha daladala nikakumbuka kwamba unjano si waridi, na kwamba shemeji yangu na mwanangu wa mwisho mwenye miaka 12 waliiona waridi ileile bila kuambiwa na mtu.

Sasa nije kwenye makochi, na hapa ndipo hukumu yangu inapoyumba. Kampuni ile haitengenezi makochi yenyewe. Kazi hiyo humpa fundi mmoja mwenye karakana Keko, na mzee yule, Mungu amzidishie, alikuja nyumbani na tepu yake akaomba kuonana na watakaokaa kabla hata ya kukipima chumba. Akamkalisha mama mkwe wangu, ambaye magoti yanamsumbua, akampima kutoka kisigino hadi nyuma ya goti huku akisema, "Niwie radhi, mama yangu," kila alipomsogelea, na vipimo akaviandika kwa penseli juu ya kipande cha mbao. Makochi ya mtindo wa siku hizi huwa chini mno, na mtu mzima akishazama humo huhitaji wawili wa kumnyanyua. La mama mkwe limeinuliwa hadi sentimita 48, naye huinuka mwenyewe. Safu ya nyuma imewekwa juu ya jukwaa la mbao la sentimita 30, ili kichwa cha aliyekaa mbele kisiikate picha.

Mimi nilikuwa nataka makochi ya leza, yaani ngozi ya bandia, kwa sababu hufutika kirahisi. Fundi akanikatalia kwa adabu. Alisema leza ya bei ya kati, kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam, hubanduka magamba kama samaki baada ya miaka michache, na kabla ya kubanduka humng'ang'ania mtu mgongoni. Akanichagulia kitambaa kizito cha rangi ya ugoro, akaongeza kwamba kitambaa hunywa sauti, ilhali leza huirudisha karibu kama ukuta mtupu. Ni kweli: tangu makochi, mapazia mazito na zulia viingie, ule mwangwi wa chumba kitupu umekwisha, na maneno ya waigizaji husikika bila mtu kuongeza sauti. Mama mkwe hushinda humo mchana akidai anatazama tamthilia, na mikoromo yake husikika hadi jikoni.

Kwa hiyo mtu angeniuliza leo asubuhi kama aende kwa kampuni ile, ningemjibu aende, kwa kuwa bila wao nisingemjua fundi wa Keko. Angeniuliza jana usiku ningemjibu asikanyage. Saa hizi, nikiwa nimenyoosha miguu juu ya kochi walilonitafutia na kuutazama ukuta walioniharibia, naona aende kwa ajili ya makochi tu, akiwa na balbu yake mwenyewe mfukoni. Tena afadhali amfuate fundi moja kwa moja. Ingawa hapo atakuwa amewanyima haki yao watu waliomleta fundi, na sijui kwa nini bado nawatetea.

Ndoo ya kijivu nimeshainunua kwa fedha zangu, na fundi rangi wa mtaani ameahidi kuja mwisho wa juma. Nimemwomba abakize futi mbili za mraba nyuma ya mlango, asiziguse. Salio la kampuni, shilingi laki tatu, lipo ndani ya bahasha pamoja na karatasi ya daktari wa macho, na nimewaarifu kwamba yule kijana ndiye ninayetaka aje kulichukua. Aje usiku. Nitamkaribisha kiti kwanza, kisha nitawasha taa zao za njano, anitajie rangi iliyopo nyuma ya mlango.