Chupa za kuvu za kulelea dundu: zinafaa, ila tenga na hela ya umeme

Kwa wenye haraka: nunua. Lakini kama chumba chako hakina kiyoyozi, subiri kwanza.

Naishi Nagoya, na hapa Japani kufuga dundu wakubwa ni starehe ya watoto na watu wazima. Kiangazi kikiingia, madukani unakuta dundu hai, vikasha vyao na vijeli vya kuwalisha. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu dundu mwenye pembe ni chonga, anatoboa minazi na sisi tunamchomoa kwa waya. Mama aliposikia nanunua chakula cha dundu alinyamaza kidogo kwenye simu, halafu akauliza kama kazi bado ninayo.

Ninaowafuga mimi hawana pembe, wana taya. Ni ookuwagata, weusi, wanene, wapole, na wanaishi miaka kadhaa. Wazimu wa watu juu yao si wa leo: mwaka 1999 mmoja wa milimita 80 aliuzwa Tokyo kwa yeni milioni 10. Siku hizi ukubwa huo haumshangazi mtu, kwa sababu wafugaji wamejua kuwalea, na chupa hizi zimechangia sana.

Porini buu wa ookuwagata hula mti mkavu uliokwisha kulainishwa na kuvu. Chupa inaiga hali hiyo. Ndani kuna vumbi la mti jamii ya mwaloni lililopandwa kuvu ya uyoga, mara nyingi ule ule tunaouita mamama, likaachwa mpaka likawa jeupe lote. Unachimba kishimo kwa kijiko, unamtia buu, unafunga kifuniko chenye kichujio cha hewa. Baada ya hapo mwache. Usimfungue kila Jumamosi kumsalimia.

Utamu uko kwenye kutazama. Ule weupe unaanza kuchorwa njia za kahawia kila anakopita akila, na akijisogeza ukutani unaona kichwa cha rangi ya chungwa kikisaga. Takriban kila miezi mitatu unamhamishia chupa mpya, na hapo ndipo unapata nafasi ya kumpima kwenye mizani ya jikoni. Mgeuze taratibu: ukiona madoa mawili ya manjano mgongoni, karibu na nyuma, huyo jike, chupa ya mililita 800 inamtosha. Dume mpe ya 1400. Dume wangu mzito kuliko wote alifika gramu 27, wakati ndugu yake niliyemlea kwenye vumbi la mbao lililochachushwa hakuvuka 18. Bei ya chupa ni kubwa kuliko ya vumbi, sikatai, lakini tofauti unaiona kwa macho.

Sasa umeme. Kuvu hii inataka nyuzi 23 hadi 25, na yenyewe inatoa joto. Kiangazi cha Nagoya kinapita 35. Chumba kikipata moto kuvu inachoka, chupa inalowa na kunuka, na buu anapanda juu kutafuta hewa. Kwa hiyo kiyoyozi kwangu hakizimwi hata nikiwa kazini. Ukipiga hesabu ya mwaka, chupa ndiyo gharama ndogo. Hili muuzaji hakulisema, wala halikuandikwa kwenye lebo.

Jingine lililoniudhi ni mzigo mmoja uliofika na uyoga umeshaota ndani, umebana kwenye kifuniko. Duka likanijibu ni kawaida. Kweli uyoga wenyewe haumdhuru buu, unaung'oa tu, lakini inaweza kuwa dalili kwamba chupa imekaa muda mrefu, na chupa iliyochoka haifiki miezi mitatu. Bei nililipa ya chupa mpya.

Nyota nne. Ya tano nitaitoa siku watakapogonga tarehe ya kupandwa kuvu kwenye kila chupa.