Mkutano wa mtaa au ujumbe wa simu wakati wa ujenzi wa daraja la Jangwani?

Daraja la Jangwani jijini Dar es Salaam, ambako Barabara ya Morogoro huvuka Mto Msimbazi, linapojengwa upya, wakazi wa Magomeni na wafanyabiashara wa Kariakoo wanahitaji kujua mapema ni njia ipi itafungwa na kwa muda gani. Ujumbe wa simu unashinda kwa kasi: mvua za masika zikijaza bonde alfajiri, abiria wa mabasi ya mwendokasi aliyeko Kimara anaweza kupata taarifa kabla hajatoka nyumbani. Lakini ujumbe huo hausikilizi.

Mkutano wa mtaa, unaotangazwa kwa kipaza sauti, huchukua muda kuuandaa na huwakosa wengi walioko kazini. Hata hivyo, ndiko mama lishe anakoweza kuuliza atahamishiwa wapi, mzazi akauliza watoto wake watavukia wapi kwenda shule, na mhandisi akawajibu uso kwa uso, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko kasi yoyote.

Kwa hiyo mkutano utangulie, kabla mitambo haijafika, na majibu yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa. Simu zitumike kwa mabadiliko ya kila siku, zikitaja tarehe, saa na njia mbadala.