Linux Mint kwenye steshenari: nilianza kwa sifa, sasa sijui

Wiki za mwanzo niliipenda mno, nisidanganye. Windows 10 ilipositishiwa huduma Oktoba 2025, kompyuta yangu ya dukani ikakataa Windows 11 kwa kukosa TPM 2.0, kile kichipu cha usalama. Mashine nzima, inachapa kazi kila siku, eti haistahili! Fundi akaniambia atanipigia Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Menyu ikawa pale pale kona ya chini kushoto, na binti anayenisaidia akaendelea kama hakuna kilichobadilika.

Raha yenyewe ilikuwa flashi za wanachuo. Kwenye Windows unaichomeka, unakuta kila folda limegeuka shotikati, yaani njia ya mkato tu, mwenyewe anaanza kushika kichwa. Kwenye Mint yale mafolda yaliyofichwa na virusi yanaonekana peupe. Shotikati unazifuta, unaprinti, mteja anaondoka. Printa nayo iliitika bila CD ya draiva. Nikaanza hadi kuwashawishi majirani waachane na Windows.

Halafu akaja kijana na ripoti ya fildi aliyoiandika kwa Word. "Mama, nakusanya saa nane." Naifungua kwenye LibreOffice, programu ninayotumia kwenye Mint badala ya Word, jedwali limekatika katikati, yaliyomo yanasema sura ya tatu iko ukurasa wa 14, sura yenyewe iko wa 16. Kijana haiangalii kompyuta, ananiangalia mimi. Nampigia fundi, anacheka: "Hiyo mama ni ya watu wanaojua kompyuta." Wanaojua! Si wewe uliyeileta? Hela yangu ulipokuwa unaihesabu hukuliona hilo?

Mpwa wangu ndiye aliyenieleza kuwa fonti, yaani aina za herufi, nyingi za Windows haziji na Linux kwa sababu ya leseni, LibreOffice inaweka mbadala, maandishi yanasogea. Kuna kifurushi cha kuongeza baadhi yake, akakiweka kwa bando la simu yake. Kazi ndogo hivyo ilimshinda fundi mzima!

Basi tatizo ni fundi, Mint haina kosa? Ningesema hivyo, lakini majedwali ya Word bado yananiruka siku nyingine. Kwa Word, Windows ni rahisi, tusibishane. Kwa flashi chafu, Windows siirudii. Mlangoni nimebandika karatasi: LETA PDF, faili ambalo maandishi yake hayasogei. Wananuna, wanaleta.

Namba ya fundi msiniombe.