Uzoefu wangu: kompyuta ya steshenari iliyokataa kuwaka, na fundi wa Kariakoo aliyeipima mbele yangu

Nina steshenari ndogo Mbagala, jirani na shule mbili. Kazi zote za kuchapa na kuprinti zinategemea kompyuta moja ya mezani, used, niliyoinunua miaka minne iliyopita. Jumatatu ya wiki ya mitihani ya majaribio nafika saa moja kasoro asubuhi, nabonyeza kitufe, kimya. Taa hakuna, feni haizunguki. Usiku umeme ulikuwa umekatika na kurudi mara mbili tatu, na ekstensheni sikuizima. Mitihani ya walimu wawili ilikuwa humo humo ndani.

Niliyoyaweza niliyafanya. Waya wa umeme wa CPU ni sawa na wa monita, nikabadilisha. Nikachomeka moja kwa moja ukutani, nikafungua plagi na kuweka fyuzi nyingine. Nikaangalia na kiswichi cha nyuma, maana ufagio huwa unakigusa. Bado kimya.

Fundi wa kwanza, hapa hapa mtaani, hakufungua hata skrubu moja. Alibonyeza kitufe mara tatu, akasema madabodi, ile bodi kubwa ya ndani inayounganisha kila kitu, imeungua, nilete Sh 180,000. Mtu anayeniambia kitu kimekufa bila kukigusa siwezi kumpa hela ya kodi ya fremu. Wifi yangu akanielekeza kwa fundi mwingine Kariakoo. Nikaifunga mashine kwenye kitenge, nikaipakata ndani ya daladala.

Huyu alianza kwa kuuliza. "Dada, ilizimika ukiwa unaitumia, au uliikuta haiwaki?" Niliikuta. "Umeme ulikatika?" Usiku. Akafungua ubavu, akainamisha pua kwenye matundu ya pawa saplai, lile boksi linaloigawia mashine umeme, akanusa. Kisha akachukua mita ya kupimia umeme na hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Alinieleza kwamba kwenye ile plagi kubwa ya pini 24 kuna waya wa zambarau ambao lazima uwe na volti 5 muda wote mashine ikiwa imechomekwa, hata kama imezimwa. Hizo ndizo zinazofanya kitufe cha mbele kisikilizwe. Zikikosekana, utabonyeza mpaka kidole kikuume. Akagusisha mita, akanigeuzia nisome mwenyewe: 2.8. Akachomoa plagi ile kwenye madabodi, akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, kuilazimisha pawa saplai iwake peke yake. Feni ilijitikisa robo mzunguko, ikasimama. Akamulika tochi kwenye matundu nikaona vijipipa viwili vya kapasita vimevimba vichwa kama maandazi. Akanikanya nisije kuifungua mwenyewe nyumbani, kwa sababu kapasita hizo hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi.

Akapachika pawa saplai yake ya majaribio. Mashine ikawaka! Feni zote zinazunguka, ila kioo cheusi. Moyo ukanidondoka, nikajua madabodi ndiyo kweli imekwenda. Yeye akachomoa ramu, kile kijibao cha kumbukumbu, akasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, akapuliza, akairudisha mpaka vibanio vikalia. Picha ikaja. Saa ilikuwa imerudi miaka mingi nyuma, akabadilisha na kile kibetri cha duara cha volti 3 kinachoitunza saa. Mafaili yote yapo. Walimu nilishawapigia simu kabla sijatoka pale.

Malipo: pawa saplai used ya wati 300 kama ya mwanzo Sh 35,000, kupima na kufunga Sh 10,000, betri Sh 2,000. Kabla sijalipa alipima waya wa njano, ule wa volti 12, mbele yangu, ukasoma 12.1. Kinachokubalika ni kati ya 11.4 na 12.6. Bahati yangu mashine inatumia plagi ya kawaida. Zipo zenye plagi za pekee za kampuni, hizo alisema kipuri chake ni cha kutafuta.

Nampa nyota nne. Ya tano nimeibakiza kwa sababu mbili. Nilisubiri karibu saa tatu bila kuambiwa foleni ikoje, na gharama ya kupima nimeijua mwishoni. Kwa mtu aliyekuja na hela ya kuhesabu hilo linaumiza, angelisema mlangoni. Feni ya hii pawa saplai nayo inavuma zaidi kidogo kuliko ya zamani, ingawa haijanisumbua. Risiti ameandika kwa mkono, na udhamini wa mwezi mmoja ameuandika humo humo.

Jambo ninalolifikiria kila nikiiwasha ni hili: ningekubali ile madabodi ya Sh 180,000, wangeifunga kwenye pawa saplai ile ile mbovu, na isingewaka. Kwa hiyo ukimpelekea fundi mashine ya mezani isiyowaka kabisa, mwambie aanze na waya wa zambarau, na usimame uone mita inasoma ngapi.

Leo ni wiki ya tatu, inawaka kila asubuhi. Ekstensheni sasa naizima nikifunga, na Jumamosi naipeleka kwake kompyuta ya mwanangu, inayojizima yenyewe kila ikifika mchana.